Mgeni Ndani ya Jicho

Wahenga walilonga kuwa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hii aghalabu hutajwa kwa kejeli, hasa pale mwenyeji anapochoshwa na mgeni asiyejua kuaga. Hata hivyo, ikichunguzwa kwa makini, ndani yake mna hekima pana zaidi: mgeni aliyepewa jembe hahesabiwi tena kuwa mgeni, maadamu amepata kazi, na mwenye kazi katika boma amepata nafasi. Miongoni mwa nyumba zote anazozifahamu mwanadamu, hakuna yenye bawabu mkali kuliko mwili wake mwenyewe. Jicho, kwa mfano, halivumilii hata punje moja ya mchanga. Huwasha, hutoa machozi na hufumba hadi punje hiyo iondoke. Imekuwaje basi jicho hilohilo likubali kupokea kipande cha plastiki, likipe kazi ya kupitisha nuru, na kuishi nacho kwa miaka mingi? Swali hili ni jepesi kuulizwa, lakini jibu lake limewahitaji wataalamu wa seli, wa kemia na wa upasuaji, na kila kundi lilipojaribu kulijibu peke yake lilikwama.

Ili swali lenyewe lieleweke, yafaa kwanza kuitazama lenzi ambayo mtu huzaliwa nayo. Nyuma ya mboni ya jicho kuna kiungo kidogo chenye umbo la dengu, kilichofungwa ndani ya kifuko chembamba na angavu. Kiungo hicho kimeundwa kwa seli. Seli changa hupangwa safu moja upande wa mbele wa kifuko. Zifikapo ukingoni hurefuka na kugeuka nyuzi, kisha hufanya jambo ambalo ni nadra katika ulimwengu wa viumbe. Hukiyeyusha kiini chao pamoja na karibu vifaa vyao vyote vya ndani, ili nuru ipite bila kizuizi. Kinachobaki ni protini ziitwazo kristalini, zilizosongamana kwa mpangilio mzuri mno. Lenzi haina mishipa ya damu, na nyuzi za katikati hazina uwezo wa kutengeneza protini mpya. Kwa hiyo, protini zilizo katikati ya lenzi ya ajuza wa miaka 80 ni zilezile zilizoundwa kabla hajazaliwa. Mnamo mwaka wa 2008 watafiti nchini Denmark walionyesha kwamba kwa kupima kaboni ya mnururisho iliyomo katika protini hizo, mtu anaweza kukadiriwa mwaka aliozaliwa.

Kitu kisichofanyiwa ukarabati kwa miaka 80 lazima kichakae. Mwanga wa jua, sukari nyingi katika damu, moshi wa tumbaku na umri wenyewe huziharibu kristalini pole pole. Protini zilizokuwa zimetengana kwa adabu huanza kushikamana na kufanya mabonge, na mabonge hayo huitawanya nuru badala ya kuipitisha. Mwenye jicho huona ukungu, taa za usiku humwia kama nyota zenye ndevu, na hatimaye hubaki akitofautisha usiku na mchana tu. Lugha za Ulaya ziliupa ugonjwa huu jina la maporomoko ya maji, kwa dhana kwamba kuna kitu kilichomwagika kutoka juu mbele ya jicho. Kiswahili kiliuita mtoto wa jicho. Jina la Kiswahili, liwe lilibuniwa kwa bahati au kwa busara, liko karibu zaidi na ukweli wa kisayansi: kinacholipofusha jicho hakikutoka nje, kimezaliwa ndani ya jicho lenyewe. Ugonjwa huu ndio unaoongoza katika kusababisha upofu duniani, ilhali upofu wake unaweza kuondolewa kwa upasuaji wa muda mfupi.

Upasuaji huo una historia ndefu. Kwa karne nyingi, waganga wa India, Uarabuni na Afrika Magharibi walitumia sindano kuisukuma lenzi iliyochafuka hadi ikaanguka chini ndani ya jicho na kuiachia nuru njia. Mnamo mwaka wa 1747, daktari Mfaransa Jacques Daviel alichukua hatua kubwa zaidi: aliitoa lenzi nje kabisa. Hata hivyo, kuitoa lenzi kulikuwa nusu ya kazi. Jicho lisilo na lenzi huona nuru, lakini haliwezi kuikusanya ili lipate picha kamili. Wagonjwa walilazimika kuvaa miwani minene na mizito iliyokuza kila kitu kwa zaidi ya robo, kiasi kwamba kikombe kilionekana kuwa karibu kuliko kilivyokuwa na mkono ukishike hewa. Aliyetolewa mtoto wa jicho alikuwa ametolewa gizani, ila hakuwa amerudishiwa macho yake. Hali hiyo ilidumu kwa takriban miaka 200.

Aliyeivunja kimya hicho ni Harold Ridley, daktari wa macho Mwingereza aliyezaliwa mwaka wa 1906. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ndege za kivita za Uingereza zilikuwa na vifuniko vya plastiki ngumu na angavu iliyouzwa kwa jina la Perspex. Mnamo Agosti 1940, ndege ya Hurricane ya rubani Gordon Cleaver ilipigwa risasi, kifuniko chake kikapasuka, na vipande vya plastiki hiyo vikamwingia machoni. Jicho moja lilipofuka kabisa. Ridley alikuwa miongoni mwa madaktari waliomtibu yeye na marubani wengine wenye majeraha kama hayo, na katika kuwachunguza aligundua jambo lililomshangaza. Chuma kikiingia ndani ya jicho hupata kutu, na kutu hiyo huwa sumu kwa jicho zima. Shaba huwasha uvimbe mkali. Lakini vipande vya Perspex, maadamu havikuzikwaruza sehemu laini zinazosogea, vilikaa kimya mwaka baada ya mwaka. Jicho liliishi navyo kana kwamba havimo.

Inasimuliwa kwamba baada ya vita, mwanafunzi mmoja wa udaktari aliyekuwa akimtazama Ridley akiondoa mtoto wa jicho alimwuliza ni kwa nini haweki lenzi nyingine mahali pa ile aliyoitoa. Swali la mwanafunzi na kumbukumbu ya marubani vikakutana. Ridley alishauriana na John Pike wa kampuni ya lenzi ya Rayner, na kampuni ya ICI, iliyokuwa ikitengeneza Perspex, ikatoa aina iliyo safi zaidi kwa matumizi ya tiba. Tarehe 29 Novemba 1949, katika hospitali ya St Thomas' jijini London, Ridley aliiweka lenzi ya plastiki ndani ya jicho la mgonjwa kwa mara ya kwanza. Na tarehe 8 Februari 1950, ikaachwa humo daima. Kazi hiyo ilifanywa kwa siri. Alipoitangaza katika mkutano wa madaktari wa macho mjini Oxford mwaka wa 1951, alipokelewa kwa ubaridi, na Sir Stewart Duke-Elder, aliyekuwa na sauti kubwa katika taaluma hiyo Uingereza, alikuwa miongoni mwa waliompinga.

Ni rahisi leo kuwacheka wapinzani wale. Kwa hakika walikuwa na sababu. Daktari wa macho wa enzi hizo alifundishwa kutoa vitu vya kigeni ndani ya jicho. Ridley alikuwa akitia. Isitoshe, matokeo ya mwanzo hayakuwa ya kujivunia kila mara. Ridley alikuwa ameiga umbo la lenzi ya asili, bila kuzingatia ipasavyo kwamba plastiki huipinda nuru kwa nguvu zaidi, na mgonjwa wake wa kwanza akabaki na tatizo kubwa la kutoona mbali. Lenzi zenyewe, zenye kipenyo cha zaidi ya milimita 8, zilikuwa nzito na baadhi ziliteleza zikazama ndani ya jicho. Perspex haiwezi kuchemshwa kwa kuwa hulainika, hivyo lenzi zililowekwa katika dawa ya kuua viini. Baadaye ikadhihirika kwamba mabaki ya dawa hiyo ndiyo yaliyochochea sehemu ya uvimbe ulioonekana. Jicho halikuikataa plastiki. Lilikataa kilichokuwa kimeshikamana na plastiki.

Hapo ndipo kemia inapoingia kwa kishindo. Perspex ni polima, yaani mnyororo mrefu uliofumwa kwa molekuli ndogo za aina moja zilizoshikana mkono kwa mkono. Mnyororo uliokamilika hautafuti mwenza wa kuungana naye. Hautoi kitu, haupokei kitu, hauli kutu. Molekuli iliyobaki pekee yake bila kuungana na mnyororo, kwa upande mwingine, ni sumu kwa seli zilizo hai. Kwa hivyo plastiki moja, yenye jina moja na mng'ao mmoja, inaweza kuwa rafiki au adui kutegemea jinsi ilivyopikwa na kuoshwa. Mkemia asiyejua jicho hangejua kwa nini usafi huo una uzito, na daktari asiyejua kemia angeulaumu mwili wa mgonjwa kwa kosa la kiwandani.

Mambo haya yote yanaweza kuonekana kuwa ya maabara na ya watu wa mbali. Lakini siku moja yalimfikia msichana wa pwani ya Kenya aliyekuwa akisomea Kiswahili chuo kikuu. Nyanya yake, aliyemlea tangu utotoni, alikuwa amefikia hali ya kumtambua mjukuu wake kwa sauti na kwa mlio wa viatu. Kwa muda mrefu familia ilikuwa imeuita upofu huo uzee, na uzee hauna dawa. Mjukuu alipompeleka katika hospitali ya macho, waliketi kwenye benchi refu pamoja na wazee wengine waliongozwa kwa mikono na wajukuu wengine. Zamu yao ilipowadia, tabibu alieleza kwa haraka, Kiingereza na Kiswahili vikipishana katika sentensi moja, kwamba lenzi mbovu ingetolewa na kipandikizi kuwekwa. Fomu ya ridhaa iliyokuwa mezani ilikuwa ya Kiingereza kitupu.

Nyanya alicheka hadi buibui likamteleza begani.

"Kipandikizi? Mwanangu daktari, mimi na miaka sabini na kitu hii, nipange uzazi gani tena?"

Tabibu naye akacheka, lakini kicheko hicho kilificha jambo zito. Neno lililo sahihi katika kamusi lilikuwa tayari limepewa kazi nyingine masikioni mwa umma. Vijijini, kipandikizi ni kile kijiti kinachotiwa chini ya ngozi ya mkono wa mwanamke asiyetaka kushika mimba kwa sasa. Mjukuu akamweleza kuwa hicho ni kioo kidogo cha kudumu, kinachotiwa mahali pa kile cha asili kilichoingia ukungu. Nyanya alitaka kujua kimetengenezwa kwa nini. Alipoambiwa kuwa ni plastiki, alinyamaza kitambo.

"Mjukuu wangu," akasema, "mwiba ukinichoma mguuni, mwili wangu haukai nao. Huutungia usaha ukautoa. Sasa hiyo plastiki jicho litaikubalia nini? Usinibembeleze kama mtoto. Niambie, au nirudi kwangu na giza langu nililolizoea."

Ajuza huyo hakuwa amewahi kukanyaga darasa la sayansi, lakini swali lake lilikuwa ndilo lililowashughulisha watafiti kwa nusu karne. Nyuma ya swali hilo kulikuwa na jicho ambalo lingepata kuona au kubaki lilivyo. Mjukuu alimgeukia tabibu na kumwomba wakati. Tabibu, licha ya foleni iliyokuwa mlangoni, alichora jicho nyuma ya karatasi, akaeleza sentensi moja moja, na mjukuu akazipokea na kuzipitisha upande wa pili kwa Kiswahili ambacho nyanya angeweza kukishika.

Maelezo yenyewe, yakikusanywa, ni haya. Mwiba hauingii peke yake. Huingia na uchafu na viini, na mti wenyewe una kemikali zinazowasha. Seli za ulinzi hufika, humeza kinachomezeka, na mapambano hayo ndiyo huzaa usaha. Lenzi huingia ikiwa safi, haina viini wala haina cha kuvuja. Hata hivyo ingekuwa uongo kusema kwamba mwili hauioni. Punde tu kitu chochote kigeni kinapolowa majimaji ya mwili, protini hukirukia na kukivika vazi. Seli zinazofika baadaye hazikutani na plastiki. Zinakutana na vazi hilo, na kwa kulipapasa huamua kama zitakaa, zitapita au zitapigana. Umbo la vazi hutegemea kemia ya uso wa kitu chenyewe: kama kinapenda maji au kinayakimbia, kama ni laini au kina mikwaruzo. Mgeni huhukumiwa kwa vazi lake kabla hajafungua kinywa.

Aidha, si seli zote zinazotolewa wakati wa upasuaji. Daktari hukiacha kile kifuko cha asili ili kiishike lenzi mpya, na katika kuta za kifuko hubaki seli chache za ile safu ya mbele. Hizo hazijui kwamba lenzi imetolewa. Huendelea kufanya kazi ya ukoo wao: kuzaana, kutambaa, kujaribu kujenga lenzi upya. Zikifika nyuma ya lenzi ya plastiki hukunja kifuko na kuleta ukungu wa pili. Kwa miongo kadhaa tatizo hilo liliwasumbua wagonjwa wengi sana. Mwanapatholojia Mmarekani David Apple, aliyefariki mwaka wa 2011, aliikusanya hazina ya pekee: macho yaliyotolewa na marehemu waliowahi kuwekewa lenzi, pamoja na lenzi zilizolazimika kutolewa kwa wagonjwa. Kwa kuyatazama macho hayo kwa nyuma, chini ya hadubini, aliweza kuona ni wapi seli zilipita na ni wapi zilisimama.

Jibu lililopatikana lilikuwa la kustaajabisha kwa wepesi wake. Mwishoni mwa miaka ya 1990, majaribio ya watafiti, akiwemo Okihiro Nishi wa Osaka nchini Japani, yalionyesha kwamba lenzi yenye ukingo uliokatwa mraba hukifanya kifuko kipinde kwa pembe kali, na seli zinazotambaa zikifika kwenye pembe hiyo husita. Ukingo wa mviringo ulikuwa ukizipitisha kama mteremko. Aina mpya za akriliki, laini na zenye kunata, nazo zilikishika kifuko barabara hadi nafasi ya kupita ikawa finyu. Kilichoshindikana kwa dawa kilipunguzwa sana kwa pembe na kwa kemia ya uso. Ukungu wa pili haukutoweka. Ulipungua, na unapotokea, mwale wa leza huufungulia tundu katika muda wa dakika chache bila kisu.

Nyanya alisikiliza yote hayo akiwa ameinamisha kichwa. Mwishowe aliuliza, "Kwa hivyo mwili hauikubali. Unaizoea tu?"

"Unaizoea, Nyanya, kwa sababu haiudhuru na ina kazi. Lakini kuna watoto wachache wa lile jicho la zamani watakaobaki, na huenda siku moja wakaleta ukungu tena. Ikiwa hivyo, tutarudi."

Alitia kidole gumba kwenye wino. Siku iliyofuata, bendeji ilipofunguliwa, wauguzi walisubiri ashangae rangi au amshukuru Mungu kwa sauti. Alimtazama mjukuu wake kwa muda mrefu, kisha akasema, "Umekonda. Huko chuoni hawakulishi?" Baada ya mwaka na nusu hivi ukungu ulirudi. Hakusema kwamba alidanganywa, wala hakumtafuta mganga wa kumwambia aliyemroga. Alipiga simu na kusema maneno machache: "Wale watoto uliowataja wamekuja." Wakarudi hospitalini, na leza ikamaliza kazi asubuhi moja.

Katika kisa hiki pana funzo kuhusu utafiti wenyewe. Mnamo mwaka wa 1986, wataalamu wa vifaa vinavyowekwa mwilini walikutana Chester, Uingereza, ili kuafikiana maana ya istilahi zao. Hadi wakati huo wengi waliamini kwamba kifaa bora ni kile ambacho mwili haukitambui kamwe. Maana waliyoafikiana ilikuwa tofauti: kifaa kinachopatana na mwili ni kile kinachoweza kufanya kazi yake huku mwenyeji akikijibu ipasavyo katika mazingira yale mahususi. Yafaa kuzingatia kwamba wanasayansi nao, walipotafuta jina la mwili unaopokea kifaa, waliuita mwenyeji. Ukimya ambao Ridley aliuona katika macho ya marubani ulikuwa jibu pia, na iliwachukua warithi wake miaka mingi kujifunza kuusikia. Kwa maneno mengine, walirudi kwenye hekima ya methali: kinachompatanisha mgeni na mwenyeji ni jembe, na mwenyeji haachi kumwangalia anavyolima.

Pana jingine linalogusa Afrika. Ridley mwenyewe, kabla ya lenzi yake, alihudumu Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, akiwa daktari wa jeshi, na mwaka wa 1945 alichapisha utafiti kuhusu upofu unaoletwa na minyoo inayoenezwa na inzi weusi wa mitoni. Alikuwa ameketi na vipofu wa Afrika kabla ya kuwarudishia nuru vipofu wa London. Lakini lenzi yake ilipokubalika, kwanza Ulaya na kisha Marekani, ambako iliidhinishwa rasmi mwaka wa 1981, bei yake iliwaacha nje maskini wa dunia. Bei hiyo haikushuka yenyewe. Mwaka wa 1992 kiwanda cha Aurolab kilianzishwa Madurai, kusini mwa India, kutengeneza lenzi kwa sehemu ndogo ya gharama iliyokuwepo. Mwaka wa 1994 maabara ya lenzi ilifunguliwa Asmara, Eritrea, nchi iliyokuwa imejipatia uhuru mwaka mmoja tu uliotangulia, kwa juhudi zilizoanzishwa na daktari wa macho Fred Hollows aliyefariki mwaka wa 1993. Ugunduzi wa maabara ulifanywa kuwa tiba ya umma na watu waliokataa kuamini kuwa usafi wa kemia na ukali wa ukingo ni mambo yanayoweza kupatikana Ulaya pekee.

Ridley aliishi kuona kazi yake ikikubalika. Alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society mwaka wa 1986, akapewa hadhi ya Sir mwaka wa 2000, akafariki mwaka wa 2001. Yeye mwenyewe aliwekewa lenzi katika hospitali ileile ya St Thomas'. Rubani Cleaver naye, jicho lake lililosalia lilipopata mtoto wa jicho, aliwekewa lenzi mwaka wa 1987. Plastiki iliyomdhuru kijana ikamrudia mzee kwa wema.

Kwa msomi wa Kiswahili, hata hivyo, safari haijafika bandarini. Bei ya lenzi ilipungua kwa sababu mtu fulani aliketi akatafuta jinsi ya kuitengeneza karibu na wanaoihitaji. Maneno nayo yana bei. Fomu ya ridhaa ambayo mwenye jicho hawezi kuisoma haina ridhaa ndani yake, hata ikiwa na alama ya kidole gumba chini yake. Istilahi nyingi zimekwisha kubuniwa na kuhifadhiwa katika kamusi za biolojia na kemia, na kazi hiyo ni ya kuheshimika. Lakini istilahi, kama lenzi, hujulikana ubora wake ikishaingia mahali pake. Kipandikizi ni neno zuri, na katika benchi la wagonjwa lilizua kicheko kwa sababu kiti chake kilikuwa kimekaliwa. Mtunga istilahi anayeishia maktabani ni kama fundi aliyepima kila kitu isipokuwa jicho.

Ipo haja, basi, kwa vyama vya wanafunzi wa Kiswahili kuomba nafasi katika hospitali zilizo karibu na vyuo vyao, kuzisoma fomu na vijikaratasi vinavyotolewa humo, kuvitafsiri pamoja na matabibu, kisha kuvisoma kwa sauti mbele ya wazee walio kwenye foleni na kusikiliza watauliza nini. Neno likizua kicheko, lirudishwe kiwandani. Likizua swali zuri, libakizwe. Kazi hiyo haihitaji maabara wala fedha za wafadhili. Yahitaji kalamu, subira, na mtu aliye radhi kuulizwa na ajuza kwa nini mwili utakaa na plastiki ilhali haukai na mwiba, na asimjibu kwa kumbembeleza.